Mbayuwayu chini ya upenu: shajara ya msimu mmoja

Kila niliyemuuliza habari za mbayuwayu wa nyumbani alinisimulia jinsi kiota chake kilivyopendeza kilipokamilika. Hakuna aliyeniambia kilichomwangukia. Basi humu yaliyokwenda sawa nitayapitia upesi, na yaliyoharibika nitayapa nafasi, ili atakayenifuata aharibu mengine, si haya haya.

Ndege mwenyewe ni Delichon urbicum, yule mbayuwayu mdogo anayetaga kaskazini na kupitisha majira ya baridi Afrika, kusini mwa Sahara. Mgongo wake ni mweusi wenye mng'ao wa buluu, tumbo jeupe, na juu kidogo ya mkia ana baka jeupe linaloonekana hata akiwa mbali. Mkia una panda fupi. Uzito wake ni gramu 18 au 20 hivi, na miguu imevikwa manyoya meupe mpaka vidoleni, kama mtu aliyevaa soksi.

Utaratibu niliojiwekea: dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni, kiti mita saba kutoka ukutani, na kila anayeingia au kutoka anapata alama daftarini. Vifaa ni darubini ya kukuza mara 8, daftari na penseli. Penseli, kwa sababu ukurasa wa kwanza niliuandika kwa wino, ukanyeshewa, na siku yangu ya kwanza ya kazi sasa ni doa la buluu.

4 Aprili. Ukuta

Juu ya dirisha la binti yangu, pale ukuta unapokutana na upenu, kulikuwa na alama ya kiota cha zamani, nusu duara ya tope yenye upana wa sentimita 17. Mwaka jana tulipaka nyumba rangi ya kuzuia maji, laini na ya kuteleza. Mbayuwayu walikuja, wakapiga matonge mawili matatu, yakadondoka, wakaenda zao. Tope linataka mahali pa kung'ang'ania.

Leo nimepiga msasa eneo la nusu mita chini ya upenu kabla hawajafika, maana wakishafika ngazi haipandwi ovyo. Nimesugua pembeni vizuri kuliko katikati, kwa kuwa ngazi ilikuwa imeegemea katikati na sikutaka kuihamisha tena. Likumbuke hilo, litarudi.

Gharama: nusu siku, karatasi mbili za msasa, na bega moja.

13 Aprili. Wamefika (marekebisho hapa chini)

Ndege wawili wamezunguka nyumba saa moja asubuhi. Nimeandika "WAMEFIKA" kwa herufi kubwa.

*Marekebisho, 22 Aprili:* Hawakuwa wao. Wale walikuwa mbayuwayu wa mazizini, wenye koo jekundu na mkia mrefu wa nyuzi mbili. Hao hupenda kuingia ndani ya banda na hujenga bakuli lililo wazi juu. Wangu hujenga nje, na hufunga kiota kote kikabaki kitundu kidogo juu. Tangu siku hiyo siandiki kitu kabla sijaliona baka jeupe la mgongoni. Kuna na teleka, ambaye wengi wetu humwita mbayuwayu vilevile. Huyo ni mweusi mpaka tumboni, mabawa yake ni kama mundu, na hutamtia machoni akiokota tope chini.

Wa kweli wamefika leo tarehe 22, saa tatu kasoro robo, wawili. Mmoja alining'inia ukutani kwa sekunde nne, akatoa ile sauti yake kavu, *prrit*, kama mtu anayekwaruza kitana kwa ukucha.

3 Mei. Sinia la tope

Siku kumi bila mvua. Ndege wapo, ila hawajengi. Nikaona wanakosa tope, nikaamua kuwatengenezea.

Jaribio la kwanza lilikuwa sinia pana lenye udongo wa bustani na maji, nikaliweka karibu na uzio ili nilione nikiwa kitini. Siku tatu hakutua hata mmoja. Nilipolifinyanga kidogo nikajua sababu ya kwanza: udongo una mchanga mwingi, ukikauka unamomonyoka. Ya pili nilionyeshwa na paka aliyekuwa amelala nyuma ya uzio, hatua mbili kutoka kwenye sinia. Mbayuwayu akiwa chini hana ujanja, miguu yake mifupi haijui kukimbia, kwa hiyo hutua mahali peupe anapoona pande zote.

Jaribio la pili: udongo wa mfinyanzi kutoka kwenye mtaro, sinia likiwa katikati ya uwanja, mita 40 kutoka kwenye nyumba. Siku mbili, hakuna kitu. Siku ya tatu walikuja, ndege watano kwa mpigo, wakatua mahali nilipokuwa nimemwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo. Sinia lilikuwa mita mbili pembeni. Hawakuligusa msimu mzima.

Tangu hapo namwaga ndoo moja ya maji kila asubuhi kwenye kipara cha udongo mtupu. Sinia limerudi jikoni, na mke wangu ameniambia halitatumika tena kwa chakula.

9 Mei. Kimeanguka

Walikuwa wamefika mahali pazuri. Hujenga asubuhi, kisha huacha tabaka likauke ndipo waongeze jingine kesho yake. Asubuhi ya tarehe 7 nilihesabu safari 21 katika dakika 20, wakipokezana, mmoja akifika mwingine anaondoka. Ukingo ulikuwa umejaa kama nusu ya sahani ndogo.

Leo saa tano kasorobo nimesikia kishindo kidogo, *pwa*, nikajua kabla sijageuka.

Nimekiokota kikiwa vipande vitatu. Nyuma ya kipande kikubwa kulikuwa na ngozi ya rangi ya ukuta, imebanduka nzima, laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Tope halikuachia rangi. Rangi ndiyo iliyoachia ukuta. Na palipoachia ni katikati, pale nilipokwepa kuhamisha ngazi.

Kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kuvunjika, nilikaa nacho mezani. Kila tonge ni kama punje ya choroko au kubwa kidogo, limebonyezwa upande mmoja, na ukiliinamisha kwenye mwanga unaona mfereji mwembamba uliopigwa na mdomo. Rangi zilipishana: matonge ya kijivu ya mtaroni, kisha mstari wa mekundu, kisha kijivu tena. Hayo mekundu ni ya kile kipara ninachomwagia maji. Ndani kulikuwa na vijiti vya nyasi vilivyokatwa vifupi, kazi yake ni ile ile ya majani makavu kwenye tope la kukandika nyumba. Binti yangu akayahesabu matonge yaliyoweza kutenganishwa, yakafika 214. Kiota kizima huchukua kama 1,000 na zaidi, kwa hiyo walikuwa wamepoteza moja ya tano ya kazi, na ile safari ya kuvuka jangwa bado iko mabawani.

Marekebisho: nilikata ubao mwembamba usiopigwa randa, unene sentimita 2, urefu sentimita 40, nikaufunga kwa skrubu kwenye mstari wa chini wa ile alama ya zamani, tope lipate pa kukalia. Sehemu ya katikati nikaisugua hadi lipu ikaonekana. Dakika 25, ndege wakiwa mbali.

Kabla ya kupanda niliangalia sheria, na wewe angalia ya unapoishi. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege pori kinachotumika *au kinachojengwa*, na nchi za Umoja wa Ulaya zina agizo lao la kulinda ndege. Mimi nilipanda kwa sababu hakikuwepo tena kiota cha kuharibu. Kingebaki hata robo ukutani, ningekaa chini.

12 Mei

Wameanza upya, juu ya ubao. Safari 24 katika dakika 20.

19 Mei. Shomoro, na kamba zangu

Kiota kikiwa bado bakuli lililo wazi, shomoro dume aliingia, akakaa, akatoa kichwa kama mwenye nyumba. Mbayuwayu wakarukaruka mbele yake wakipiga kelele bila kumgusa. Shomoro ana mdomo mnene na hasira. Akishaleta nyasi zake ndani, wenyewe wameshahama.

Dawa yake inategemea namna kila mmoja anavyoruka. Shomoro huja kwa kunyooka, karibu sambamba na ardhi. Mbayuwayu hupanda kutoka chini kwa kasi, karibu wima. Ukining'iniza kamba fupi mbele ya kiota, mmoja zinamtatiza na mwingine anapita chini yake. Nilichukua kamba za katani zenye urefu wa sentimita 30, kila moja na nati mwishoni ili upepo usiichezee, nikazifunga kwenye ukingo wa upenu, sentimita 15 mbele ya kiota. Usitumie uzi mwembamba wa kuvulia. Ndege akinaswa bawa hujikata mwenyewe kwa kujinasua.

Kosa langu lilikuwa nafasi. Niliziweka kila sentimita tatu, nikidhani zikiwa nyingi zitazuia zaidi. Zilizuia kweli. Mbayuwayu walifika, wakasita, wakageuka. Katika dakika 20 za jioni nilihesabu mara 14 walizogeuka na mara sifuri walizoingia. Shomoro naye alikuwa juu ya mfereji wa maji ananitazama.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri niliondoa kamba moja baada ya kila moja, zikabaki kwenye nafasi ya sentimita sita. Kufikia saa mbili wameingia mara tisa. Shomoro alijaribu mara mbili, akaacha.

25 Mei. Kimefungwa

Siku 13 tangu waanze upya. Imebaki nafasi juu pembeni, kama kidole gumba na nusu. Sasa wanaleta manyoya. Mmoja alikuja na unyoya mweupe mrefu kuliko yeye, ukamwangukia mara tatu, na mara tatu aliudaka hewani kabla haujafika chini.

8 Juni. Kamera

Ukurasa huu niliusogeza siku tatu kabla ya kuuandika.

Tangu tarehe 4 mambo yalikuwa yamebadilika: ndege mmoja anaingia, anakaa dakika 15 au 20, mwenzake anakuja, wanapokezana. Wanaatamia. Kwa kawaida mayai ni manne au matano, na wote wawili, dume na jike, huatamia kwa siku 14 hadi 16. Nilikuwa na kila nilichohitaji kujua. Ila nilitaka *kuona*.

Nikanunua kamera ya mrija, ile wanayotumia mafundi kuchungulia ndani ya mabomba. Fedha yake ingenunua viota vinne vya saruji vilivyotengenezwa tayari. Nikaifunga kwenye fimbo ndefu, nikangoja ndege atoke, nikainyanyua.

Kwanza, kichwa cha kamera kilikuwa kinene, hakikuingia mlangoni hata kwa pembe. Pili, kiota hakikuwa kitupu. Aliyetoka alikuwa amepokewa bila mimi kuona. Ndege alichomoka akapita karibu na uso wangu, na tonge moja la mlangoni likaanguka.

Nikarudi kitini na saa mkononi. Dakika 10. 20. Binti yangu akaja akasimama pembeni.

"Baba, mayai yanapoa?"

"Yanapoa."

Akaingia ndani bila kuniambia kitu kingine. Dakika ya 47 ndege amerudi, amezunguka mara nne, ameingia.

Kamera nimeigawa. Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba hata ingeingia, ingeniambia idadi ya mayai tu, jambo ambalo ningeweza kukisia nikakosea kwa moja. Zile alama za penseli zilikuwa zimeshaniambia siku walipoanza kuatamia. Tarehe 4 ukiongeza 15 ni tarehe 19.

19 Juni

Nusu ya ganda chini ya dirisha, asubuhi. Jeupe pe, bila doa, na kwa kukisia yai zima lilikuwa kama milimita 19 kwa urefu. Wazazi hukaa dakika tatu nne ndani, hutoka, hurudi. Wameangua.

24 Juni. Mvua

Tarehe 21 walileta chakula mara 8 katika dakika 20. Tarehe 22 mara 9. Kisha mvua siku mbili: mara 2, mara 1, mara sifuri, mara 2. Mbayuwayu hawa hula wadudu wa angani tu, nzi wadogo, vidukari wanaopeperushwa na upepo, sisimizi wenye mabawa siku wanaporuka. Mvua ikinyesha hakuna soko.

Nilishawishika kuweka funza kwenye ubao. Sikuweka. Asiyeokota chini hataokota funza, na kunguru angekuja kula funza kisha aone kilicho juu yake.

Leo jua limetoka saa nane mchana. Mara 13.

1 Julai. Ubao wa mavi

"Baba, dirisha langu limekuwa choo."

Ni kweli. Siku za mwanzo wazazi hubeba uchafu wa makinda na kwenda kuutupa mbali. Wakishakua, makinda hugeuza makalio mlangoni na kuachia. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kubomoa viota, na suluhisho lake ni ubao tu.

Nami nikaukosea. Niliufunga sentimita 30 chini ya kiota, ili ukinge kila kitu. Nikakaa kitini: kabla ya ubao walikuwa wanaingia mara 12, baada yake mara 3, na hizo tatu kwa kuzunguka. Nilikuwa nimeziba njia ile ile niliyoilinda dhidi ya shomoro, maana wao hupanda kutoka chini. Isitoshe, shomoro alikuwa ameshapata baraza la kusimama.

Nimeushusha haraka, nikaufunga mita mbili chini ya kiota, juu kidogo ya dirisha. Jioni: mara 11.

Ubao ukawa na faida nisiyoitarajia. Kila asubuhi naukwangua kwenye gazeti na kuutazama kwa kioo cha kukuzia. Mavi yakikauka yanavunjika, na ndani yake mna vumbi la mabawa na vipande vya magamba ya mbawakawa, vyeusi na vya kijani, vinang'aa kama chembe za chupa. Siku ya jua yanakuwa mengi na makavu. Siku ya mawingu ni machache, ya majimaji. Nimejua zaidi kuhusu chakula chao kwa gazeti la jana kuliko kwa darubini.

6 Julai. Kinda

Saa moja na nusu asubuhi nimemkuta juu ya ubao wa mavi, ameinama pembeni, hai. Siku 17. Manyoya yote yameota, mabawa bado mafupi, pembe za mdomo bado za njano. Nilimfunika kwa viganja akatulia. Miguu yake ni ya baridi, yenye vinyoya vyeupe kama pamba hadi kwenye kucha, na kucha hizo zilishika ngozi ya kidole changu kwa nguvu nisiyoitegemea.

Kisha kitu kikatembea kutoka shingoni mwake hadi mkononi mwangu. Nzi bapa, wa kijani kibichi kilichofifia, mwenye mabawa membamba mafupi yasiyoweza kumrusha, anayekwenda upande kama kaa. Huyu huishi kwa damu ya mbayuwayu na hana haja na mtu. Nilimkuta mwingine chini ya bawa. Nikawatoa wawili hao, wengine nikawaacha, sikutaka kumshika zaidi.

Kumrudisha kulinilazimu kupanda ngazi hadi mlangoni mwa kiota, jambo nililoapa kutolifanya tena baada ya kamera. Nilipanda. Mlango ulikuwa na vichwa viwili vikinitazama kwa hasira. Nikamsukuma taratibu kichwa kwanza, nikashuka. Dakika nne jumla. Wazazi wakarudi baada ya dakika sita.

Jioni nimehesabu vichwa vitatu mlangoni. Kama yeye ni mmojawapo, sina njia ya kusema.

15 Julai. Wameruka

Siku ya 26. Tangu jana wazazi walikuwa wanakuja na chakula, wanakaribia mlango, kisha wanageuka bila kutoa, wakiita. Leo saa mbili wa kwanza ametoka kama aliyesukumwa. Wa pili saa nne. Wa tatu amebaki kichwa nje mpaka adhuhuri, akiitwa na ndege sita au saba, majirani na wapita njia, wote wakipita mbele yake, ndipo akatoka.

Nikaandika "mwisho wa kizazi cha kwanza", nikapanda kuondoa kamba za shomoro.

*Nyongeza, usiku huo huo:* Saa mbili kasoro usiku wamerudi wote kulala. Makinda hurudi kiotani kwa siku kadhaa baada ya kuruka. Laiti ningengoja.

*16 Julai:* Shomoro saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya kiota, na mbayuwayu nje wanalalamika. Nilimfukuza kwa kupiga makofi chini ya dirisha, kamba zikarudi kabla ya chai. Hakuwa ameleta nyasi. Kamba hazitoki tena mpaka wote wahame.

27 Julai. Awamu ya pili

Kupokezana kwa muda mrefu kumeanza jana, kwa hiyo natarajia kuangua tarehe 10 Agosti. Manyoya mapya yameingia, kiota ni kile kile. Jozi nyingine imepiga matonge kama thelathini upande wa pili wa ubao wa kiota, sentimita 20 kutoka kwa wenyeji, ikaacha. Nadhani wamechelewa mwaka huu. Ubao sijaugusa.

Maji ya ndoo yanaendelea kila asubuhi.

10 Agosti

Wameangua, siku ile ile. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

2 Septemba. Ufa

Joto la wiki tatu limekausha tope kupita kiasi, na tangu Jumatatu kuna ufa mwembamba kutoka mlangoni kuelekea chini, urefu wa kidole. Ndani kuna makinda ya siku 23. Nilikuwa na mipango mitatu: bakuli la nazi la kuegesha chini yake, kitambaa, au tope langu mwenyewe. Yote inahitaji ngazi.

Nilichofanya ni kumwaga ndoo mbili badala ya moja. *Nyongeza, 5 Septemba:* Tarehe 4 mzazi mmoja alikuja na tonge, akalipiga juu ya ufa. Nimehesabu 17 kwa siku mbili. Mshono ni mweusi kuliko kiota kingine, unaonekana hata bila darubini.

6 Septemba

Wameruka wawili. Siku ya 27. Kwenye ubao wa mavi sikuona dalili ya wa tatu, hai wala mfu.

24 Septemba. Wameondoka

Tangu tarehe 15 walikuwa wanakusanyika kwenye nyaya, asubuhi moja 38, nyingine 60. Tarehe 22 walilala watatu kiotani. Jana jioni hakuna, leo hakuna.

Wanavuka Sahara, na huko waendako huruka juu sana na kukaa angani muda mwingi, kiasi kwamba pamoja na maelfu kwa maelfu waliovishwa pete kaskazini, pete zilizopatikana Afrika ni chache mno. Ukiwa kusini mwa jangwa kati ya Oktoba na Machi, mvua ikikaribia na wadudu wakashuka, tazama juu na utafute baka jeupe la mgongoni. Na kama chini ya baraza lako kuna yule mbayuwayu wa kwenu mwenye michirizi kifuani na kiota chenye mlango mrefu kama shingo ya kibuyu, kiti, penseli na dakika 20 zinamfaa vilevile. Kamba za shomoro kwake sijazijaribu.

5 Oktoba. Hesabu na marekebisho ya ngazi

Saa za kukaa kitini: 97 na dakika 20. Fedha: kamera ndiyo karibu yote. Ukiiondoa, kinachobaki ni msasa, skrubu nne, mita tatu za kamba na nati kumi zilizokuwa zimezagaa kwenye sanduku la vifaa. Ndoo za maji 148.

Nimeondoa kamba, nimeosha ubao wa mavi, nimekaza skrubu moja iliyolegea. Kiota nimekiacha. Chenye ukuta mzima huwaokoa wiki mbili za kazi wakirudi. Upande wa pili wa ubao nimesugua lipu vizuri, katikati hasa, nikihamisha ngazi mara tatu, kwa ajili ya ile jozi iliyochelewa.

30 Oktoba

Saa kumi na moja jioni, baridi. Shomoro dume ametoa kichwa kwenye mlango wa kiota, ameangalia kulia, ameangalia kushoto, amerudi ndani. Nimempa alama daftarini, aliyeingia mmoja, aliyetoka hakuna.